Rangi ya Wiski Isitudanganye

Wako watu wanaojisifu kuwa wajuzi wa wiski. Huinua gilasi mwangani, huona rangi nzito ya asali, na kabla ya kuonja wamekwisha kuhukumu: «Hii ni ya miaka mingi, ni bora.» Sivyo hata kidogo!

Wiski ikitoka mtamboni haina rangi, ni kama maji. Rangi huipata katika mapipa ya mwaloni. Lakini sheria ya wiski ya Uskoti ya mwaka 2009, inayodai miaka 3 ya pipa kwa uchache, yaruhusu pia kutia karameli, yaani sukari iliyounguzwa. Bourbon ya Marekani imekatazwa kutiwa rangi, nayo yapendwa vilevile.

Watengenezaji hujibu: «Twataka chupa zote zifanane.» Vema, basi waandike! Huko Ujerumani chupa hutajwa wazi kwamba imetiwa rangi. Kwa nini mnunuzi wa kwingine afichwe, naye atoa fedha ileile?

Nao wajuzi twawaambia: onjeni katika gilasi isiyoonyesha rangi, pua na ulimi vitoe shahada. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.