Umepasuliwa koo, halafu unaambiwa "nyamaza" tu?

Mchezaji akipasuliwa goti, hakuna anayemwambia akae nyumbani goti lijipange lenyewe. Anapelekwa kwa fizio. Sasa mbona makanga wa Migori akitolewa kivimbe kwenye nyuzi za sauti anapewa dawa ya maumivu na neno moja: nyamaza?

Wasee, kunyamaza ni kwa siku za mwanzo tu, kidonda kipone. Baada ya hapo kuna kazi. Unafunzwa kupumua vizuri, kutoa sauti mdomo ukiwa umefunga, kupuliza sauti kwa mrija ndani ya glasi ya maji. Hiyo ndiyo tiba ya sauti. Ukiikosa, unarudi kupiga kelele vilevile, na kivimbe kinaweza kurudi. Wengine wananong'ona wakidhani wanajilinda, kumbe kunong'ona kwa nguvu pia kunachosha koo.

Na msiniambie haya ni mambo ya wasanii. Mwalimu wa Homa Bay, mama wa samaki Mbita, mhubiri, makanga, wote wanakula kwa koo. Sauti ikienda, unga unaenda nayo.

Adele alipasuliwa Boston Novemba 2011. Februari 2012 aliimba kwenye Grammy na kubeba tuzo 6. Mtu kama huyo hakosi wa kumsimamia. Sisi je? Migori hadi Kisumu ni zaidi ya kilomita 150, kwenda tu. Na tiba hii ni ya vipindi kadhaa, si siku moja. Piga hesabu ya nauli, uniambie nani atafika mara ya tatu.

Tangu ugatuzi uanze 2013, hospitali hizi ni za kaunti, so msitupie Nairobi lawama. Migori na Homa Bay waajiri mtaalamu wa tiba ya usemi, hata kama ni mmoja wa kugawana. Simu tunazo, vipindi vingine vifanywe kwa video. Na mgonjwa asiruhusiwe kwenda nyumbani bila tarehe ya kuanza mazoezi.

Wewe nawe, kama mtu wako amepasuliwa koo, wacha kumpelekea asali na tangawizi ukidhani umemtibu. Muulize mazoezi anaanza lini. Kama hajui, rudini hospitali pamoja. Yeye hawezi kupaza sauti saa hii. Wewe unaweza.