Aibu Isimrudishe Kilabuni

Mtu aachapo pombe aghalabu husifiwa siku ya kwanza na kusahauliwa siku ya kumi. Jamaa hudhani kazi imekwisha. Kwa hakika ndiyo kwanza imeanza, maana akili inapotakata ndipo mtu huyaona wazi yote aliyoyatenda alipokuwa amelewa. Mzigo huo ndio uwarudishao wengi kilabuni.

Tuitazame wilaya ya Kilosa. Mikumi ni mji wa njiani: barabara kuu iendayo Iringa na Zambia huufikia baada ya kukata Hifadhi ya Taifa kwa kilomita zipatazo 50, na madereva wa malori hulala hapo. Kilosa mjini ni mji wa reli na mashamba. Kote kuwili, mkulima auzapo ufuta au kibarua apokeapo ujira, pombe haiko mbali, iwe bia, komoni, kangara, au gongo ipikwayo kwa kificho.

Chukua mfano wa mkulima aliyezinywea fedha za mavuno. Watoto walikosa sare za shule, na mkewe alikopa unga kwa majirani. Sasa ana miezi miwili hajaonja. Lakini kila apitapo dukani anajua jina lake limo daftarini, na kila aingiapo nyumbani watoto hunyamaza. Jirani akicheka, hudhani anachekwa yeye. Hapo moyo humwambia kwamba iko dawa moja tu ya kuyasahau hayo yote, naye anaijua inakouzwa.

Hapana budi tutenganishe mambo mawili. Hatia ina mipaka: deni la unga lina kiasi chake, na likilipwa hufutwa. Fedheha haina kiasi. Haidai unga wala fedha, humdai mtu mwenyewe, na kwa hiyo hailipiki. Mwenye kupona na ajifunze kuishika hatia, aigeuze kuwa kazi ya mikono yake, na kuikataa fedheha.

La kwanza ni kuukubali ugonjwa. Shirika la Afya Duniani huhesabu utegemezi wa pombe miongoni mwa maradhi. Ugonjwa haufuti deni, ila hueleza kwa nini viapo pekee havikutosha. Na tahadhari: aliyekuwa akinywa sana kila siku asiache ghafla bila ya msaada wa tabibu. Katika siku mbili tatu za mwanzo mwili huweza kutetemeka, kushikwa na kifafa, hata kufa. Aende Hospitali ya Wilaya ya Kilosa, au ya Mtakatifu Kizito pale Mikumi, akaseme kweli kiasi alichokuwa akinywa. Mficha maradhi, kifo humfichua.

La pili ni kulipa. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, Marekani, walevi wawili, Bill Wilson na tabibu Robert Smith, walianzisha chama cha kusaidiana kuacha pombe. Miongoni mwa hatua zao imo hii: kuorodhesha waliodhulumiwa na kuwarekebishia, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kutawaumiza. Sharti hilo lina hekima. Mke aliyekimbia kipigo hadaiwi kumsikiliza mumewe akiomba radhi mlangoni. Kumwacha kwa amani ni sehemu ya malipo. Kwa wengine, anza na deni dogo. Watoto waliokwisha kudanganywa mara nyingi hawahitaji ahadi mpya, wataamini watakachokiona.

La tatu ni kutobaki peke yako. Kwa desturi ya Wakaguru wa Kilosa, nyumba ikifikwa na msiba au unajisi, kuisafisha ni kazi ya watani. Wenye nyumba hawajisafishi wenyewe. Desturi hiyo yatufundisha kwamba aibu huondoka kwa mkono wa mwingine. Basi mtafute mtu mmoja, mtani, mzee au muuguzi, asiyekushangaa wala kukusimanga, umweleze yote.

Nanyi jamaa, mnao wajibu wenu. Msimkumbushe makosa kila mlapo, wala msimfiche wageni wanapokuja. Na ikiwa pombe hupikwa uani kwake, nanyi mwala kwa pombe hiyo, jambo hili ni zito. Si haki kumwamuru mama aache biashara inayonunua unga. Kaeni kitako mtafute biashara nyingine, na kwa sasa upishi uhamishiwe mbali na macho na pua yake.

Mwisho, kuna siku ya kuteleza. Tumezoea kusema kosa ni kurudia kosa, na methali hiyo imemkatisha tamaa mlevi mmoja na mwingine, akaona kwa kuwa amekunywa kikombe, basi na amalize debe. Iko nyingine imfaayo zaidi: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aliyeteleza aseme siku ile ile, kabla fedheha haijampa sababu ya kunywa tena kesho. Na atakayeambiwa, kwanza amkaribishe kiti.