Mbegu Zilizochukuliwa Bure
Katika miaka ya 1970, wapandaji wa California, wengi kwa kujifurahisha tu, walichanganya bangi fupi ya Afghanistan, iwahiyo kukomaa, na ile ndefu ya Mexico na Colombia. Uzao wa pili hutoka wa kila namna. Hapo ndipo mpandaji huteua. Lakini uteuzi wa kwanza, wa vizazi na vizazi, ulikuwa jasho la wakulima wa milimani. Makampuni ya Uholanzi yakatajirika kwa chotara hizo.

Bangi ni haramu nchini Tanzania, na sheria ya 2015 haina mzaha. Je, uharamu wa mmea unahalalisha unyonyaji? Anayechota bangi bila kuuliza hatasita mbele ya mtama. Itifaki ya Nagoya ya 2010 inadai mgawo wa haki. Mbegu hizo zilikwisha ondoka zamani.