Doha siyo dawa ya pombe

 

Leo naomba nitoe la moyoni. Mwaka huu nimepigiwa simu na watu watatu tofauti, ombi moja: "Mwanangu, mtafutie huyu kijana kazi huko Uarabuni. Huko pombe hakuna, ataacha tu." Naelewa machungu yaliyo nyuma ya ombi hilo. Mzazi aliyeuza mpaka mbuzi kulipa madeni ya kilabuni hana nguvu ya kuchagua dawa. Lakini jibu langu ni hapana, na sababu ninazo.

Kwanza, pombe ipo. Inauzwa kwenye baa za hoteli zenye leseni, na wakazi wasio Waislamu wenye kibali wananunua dukani kwa Qatar Distribution Company. Wakati wa Kombe la Dunia 2022 mlisikia bia imepigwa marufuku viwanjani siku 2 kabla ya mechi ya kwanza. Kweli, lakini hotelini iliendelea kumiminwa. Mwenye kiu haoni tabu kuitafuta.

Pili, arosto. Hapa nasema kama muuguzi. Mwili uliozoea pombe kila siku kwa miaka haupendi kukatiwa ghafla. Saa 6 tu baada ya glasi ya mwisho mikono inaweza kuanza kutetemeka na jasho kumtoka. Ndani ya siku 2 anaweza kupata degedege. Kati ya siku ya 2 na ya 4 wengine huweweseka na kuona vitu visivyokuwepo, na asiyetibiwa anaweza kufa. Sasa pigeni hesabu: Dar mpaka Doha kwa ndege ni kama saa 6. Kijana wenu arosto itamkuta kwenye foleni ya uhamiaji! Kumbe hospitalini angepewa dawa za kumtuliza, zikapunguzwa kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1.

Tatu, hofu. Sheria ya adhabu ya Qatar ya mwaka 2004 inasema anayekunywa hadharani anaweza kufungwa hadi miezi 6, kutozwa faini hadi riyali 3,000, au vyote viwili. Mtu anayeogopa kupoteza kazi na kurudishwa nyumbani hatasema anaumwa. Atajifungia chumbani anywe peke yake.

Mtauliza, sasa aliyekwisha kufika huku afanyeje? Kipo kituo cha Naufar, kinachotibu uraibu hapa hapa Doha. Na ipo mikutano ya Alcoholics Anonymous, wenyewe wanaiita AA. Ilianza Akron, Marekani, mwaka 1935, kwa walevi wawili, mmoja mfanyabiashara na mwingine daktari, waliogundua kwamba mlevi akimsaidia mlevi mwenzake wote wawili wanapata nguvu ya kutokunywa. Hakuna ada. Sharti ni moja: uwe unataka kuacha.

Kuna dada mmoja wa kwetu (siyo mgonjwa wangu, na ameniruhusu niandike haya tu) aliyeamini nchi kama hii haiwezi kuwa na kitu hicho. Akaandika ujumbe, akajibiwa na mtu ambaye naye alikuwa mnywaji. Nilimsindikiza kwenye mkutano wa wazi, ule unaoruhusu hata tusio walevi. Mahali sitataja wala watu. Nitasema tu kwamba kulikuwa na viti, chai, na watu wa mataifa mengi. Mtu anataja jina lake la kwanza, anasema mimi ni mlevi, na hakuna anayecheka. Jamani, kwetu mlevi ni kichekesho cha mtaa mpaka siku ya msiba! Malalamiko yake ni moja: mkutano ni wa Kiingereza, na yeye anasema machozi yake ni ya Kiswahili.

Wapo watakaosema aombewe, inatosha. Aombewe, nami namwombea. Lakini mwaka 2020 Cochrane walipitia tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000, wakaona programu zinazomwelekeza mtu AA zinasaidia watu wengi zaidi kukaa bila pombe kuliko tiba nyingine zilizozoeleka. Dua na kikundi havigombani.

Kwa hiyo wapendwa, kabla ya pasi, hospitali. Mwambieni daktari ukweli anakunywa kiasi gani. Kisha mtafutieni wenzake walioacha. Mlioko Kenya, NACADA wana simu ya bure 1192, na Nairobi mikutano ya AA ipo. Zanzibar kuna nyumba za upataji nafuu. Nanyi wenyewe msijisahau: tangu 1951 kuna Al-Anon, vikundi vya ndugu wa walevi, kwa sababu anayekesha akimsubiri mlevi naye anaumwa.

Nauli mliyoanza kuchanga msiirudishe mifukoni. Inatosha kabisa kuanzia matibabu.

Nawasilisha. Maoni ruksa, hata ya kunipinga. Wasalimieni wote.