Nani Ashike Kamera?

Iko kasumba moja ambayo haijatutoka: kuipima kazi ya sanaa kwa mng'aro wake, pasipo kuuliza inasema nini na imetoka mikononi mwa nani. Kwa kipimo hicho, Oscar Micheaux, Mmarekani Mweusi aliyekuwa mtayarishaji, mwongozaji na mwandishi wa sinema, bado hubezwa. Husemwa kwamba picha zake zina mwanga hafifu, na kwamba waigizaji wake walipokosea hakurudia kuwapiga picha. Kasoro hizo hatuzikatai. Tunachokataa ni hukumu inayotolewa kwazo.

Micheaux alizaliwa mwaka 1884 katika jimbo la Illinois. Alikuwa mhudumu wa abiria katika treni, kisha mkulima South Dakota, kisha mwandishi aliyeuza riwaya zake nyumba kwa nyumba. Mwaka 1918 kampuni ya Lincoln, iliyokuwa ya Weusi wenzake, ilitaka kuigeuza sinema riwaya yake *The Homesteader*. Akadai aongoze mwenyewe. Walipokataa, hakusalimu amri: aliunda kampuni yake, akauza hisa kwa wakulima, na mwaka 1919 sinema ikatoka.

Sasa tuwaulize wapenda mng'aro. Mwaka 1915 D. W. Griffith alitoa *The Birth of a Nation*, sinema iliyosifiwa sana kwa ufundi wake. Ufundi huo ulitumika kuwatukana Weusi na kuwatukuza wauaji wa Ku Klux Klan. Mwaka 1920 Micheaux, kwa fedha chache, alitoa *Within Our Gates*, akaonyesha waziwazi jinsi Weusi walivyonyongwa na makundi ya Wazungu bila hukumu ya mahakama. Wakaguzi wa sinema wa Chicago waliizuia kwanza, wakihofia ghasia. Je, ni ipi kati ya hizo mbili iliyo mbovu: yenye mwanga hafifu, au yenye uongo unaometameta?

Hatumfanyi Micheaux malaika. Mara nyingi nafasi za mashujaa aliwapa waigizaji wenye ngozi nyeupe zaidi, na Weusi wenzake walimlaumu kwa haki. Lakini lawama hiyo ni ya watu wanaojadili sura yao wenyewe. Si dharau ya mtu wa nje.

Alifariki mwaka 1951, akiwa ametengeneza sinema zaidi ya 40. Katika zile zisizo na sauti, zinazojulikana kusalia ni tatu tu. *Within Our Gates* yenyewe ilipatikana Hispania, ikarudishwa kwao na kukarabatiwa mwaka 1993. Taifa lililomzaa lilikuwa limeitupa.

Basi walimu na wanafunzi, hatuna budi kuelewa kwamba kushika kamera ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhifadhi kilichopigwa. Jamii inayosubiri kazi zake zing'are ndipo izitunze, itasimuliwa na wengine, nayo haitakuwa na ushahidi wa kujitetea.