Nukta 1,200 za Nini?

Ushauri unaochapishwa mara kwa mara, kwamba skana ya nyumbani iwekwe kwenye kiwango cha juu kabisa ili mtu asije akajuta, hausimami. Rezolusheni hupimwa kwa nukta kwa inchi; ikiongezwa maradufu, nukta huwa mara nne. Ukurasa wa A4 wenye rangi, kwa nukta 300, huchukua takribani megabaiti 26 kabla ya kubanwa. Kwa 600, megabaiti 104. Kwa 1,200, zaidi ya 400. Mkazi wa Themi, Arusha, anayepakia cheti cha kuzaliwa cha RITA kwenye maombi ya kazi hahitaji mzigo huo: tovuti nyingi za maombi hukataa faili kubwa, na muhuri husomeka vizuri kwa 200 au 300.

Watetezi wa 1,200 hukimbilia picha za zamani. Picha ya karatasi, sentimita 10 kwa 15, mara chache huwa na cha kuonyesha kupita nukta 300. 600 zinatosha hata kuichapa mara mbili ya ukubwa wake. Zinazozidi hunasa nyuzi za karatasi na vumbi, ambalo Arusha wakati wa kiangazi halikosi kwenye kioo. Kitambaa laini kingesaidia zaidi.

Hoja yao ina nguvu kwenye filamu tu. Negativu ya milimita 36 kwa 24, kwa nukta 300, hutoa picha ya nukta 425 kwa 283, kijipicha tu; kwa 2,400 hufika 3,400 kwa 2,270. Lakini kazi hiyo hudai skana yenye taa kwenye kifuniko, ambayo mashine nyingi za nyumbani hazina.