Paa la JKIA tumeliona. Sasa tuonyeshwe lami

Wasee, wacha nianze na paa. 2024 kila mtu aliona zile video za maji yakimwagika kutoka juu pale JKIA. Tulicheka, tukakasirika, tukatumiana kwa simu mpaka nyanya zetu kijijini wakaona. Kisha ikaja stori ya Adani: mabishano ya nani apewe uwanja, mgomo wa wafanyakazi mwezi wa tisa, mpaka Rais Ruto akatangaza mwezi wa kumi na moja kwamba mpango umefutwa. Miezi mingi ya kelele kuhusu uwanja mmoja. Na mimi nilikuwa ndani ya hizo kelele, sikatai.

Lakini paa likivuja, kitu kinalowa ni nguo zako na sanduku. Kuna swali lingine ambalo mimi mwenyewe sikuuliza wakati huo wote: ile lami ndege inatua juu yake, inashika tairi vipi mvua ikinyesha? Nani anapima? Na akishapima, majibu yanaenda wapi?

Swali hili halikunijia nikiwa kwa ndege. Lilinijia nikiwa kwa matatu, Mombasa Road, mvua ya mwezi wa nne. Dere alikanyaga breki, gari likaendelea kwenda tu kama limepakwa sabuni. Tulisimama tukiwa karibu kubusu lori. Abiria wote wakamgeukia dere. Makanga akasema, "Si yeye, ni barabara." Tukamtukana pia. Lakini niliposhuka niliangalia tairi, kipara. Nikaangalia lami, imesuguliwa na magari hadi inang'aa. Kumbe makanga alikuwa na nusu ya ukweli. Breki haisimamishi gari. Breki inasimamisha tairi, na ni lami ndiyo inasimamisha gari.

Sasa chukua hiyo hesabu uipeleke kwa ndege.

Ndege ikigusa chini, tairi zake zilikuwa hazizunguki. Zinakutana na lami kwa kasi ya zaidi ya kilomita 200 kwa saa na kwa muda mfupi sana zinaburutwa. Ule moshi unaouona ni mpira unaungua. Sehemu ya ule mpira inayeyuka na kubaki kwenye lami. Ndege moja si kitu. Lakini ndege baada ya ndege, siku baada ya siku, pale pale kwenye sehemu ya kutua, mpira unajaza vile vishimo vidogo vinavyoifanya lami iwe na ukali. Ndio maana ukiangalia picha za uwanja wowote mkubwa kutoka juu, unaona weusi kwenye ncha mbili za barabara ya ndege. Huo si uchafu wa kawaida. Ni tairi za ndege zote zilizokutangulia.

Lami ikiwa kavu, ndege bado inasimama bila shida. Mvua ikinyesha ndio hadithi inabadilika, kwa sababu maji yanakosa pa kwenda. Yanabaki katikati ya tairi na lami, na kasi ikiwa kubwa tairi linaelea juu yake. Watafiti wa NASA walisoma jambo hili miaka ya 1960 wakatoa hesabu rahisi ambayo inatumika hadi leo: chukua upepo wa tairi kwa psi, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha mara 9. Unapata kasi, kwa noti, ambayo tairi linaweza kuanza kuelea kwenye maji yaliyotuama.

Gari dogo lenye upepo wa 32 linapata noti 51, yaani kama kilomita 94 kwa saa. Wewe unayekimbiza Thika Road kwenye mvua, umesikia? Tairi la ndege lenye upepo wa 200 linapata noti 127, yaani kama kilomita 235 kwa saa. Na ndege kama Boeing 737 mara nyingi inatua ikiwa na kasi hiyo ama zaidi. Kwa hivyo dakika ile inapogusa maji, iko tayari kwenye eneo la hatari. Kinachoiokoa ni lami kumwaga maji haraka na kuwa na ukali wa kutosha. Ndio maana viwanja vingi duniani hukata mifereji midogo kwa upana wa barabara ya ndege. Kipimo cha Marekani ni milimita 6 kwenda chini, milimita 6 upana, na mmoja hadi mwingine milimita 38.

Sasa JKIA iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi. Ndege ile ile, na uzito ule ule, ikitua Nairobi inakimbia juu ya ardhi kwa kasi ya zaidi kwa asilimia 8 ama hata kupita hapo jua likiwa kali, kuliko ikitua Mombasa. Na umbali wa kusimama unaongezeka kuliko kasi inavyoongezeka. Ni kweli barabara ya JKIA ni ndefu, zaidi ya kilomita 4, na hiyo inasaidia sana. Lakini ni moja tu. Ndege ikiteleza ikakwama pale, abiria wa nchi nzima wanakwama nayo.

Habari njema ni kwamba, tofauti na Mombasa Road yangu, hii kitu hupimwa. Kuna kigari kidogo kinachovutwa nyuma ya pikapu usiku ama wakati hakuna ndege. Kigari kinamwaga maji mbele ya gurudumu lake, unene wa milimita 1. Gurudumu hilo linalazimishwa kuzunguka polepole kuliko pikapu inavyokwenda, kwa hivyo linaburutwa kidogo, kama tairi la ndege iliyofunga breki. Kompyuta inarekodi ni nguvu kiasi gani lami inatumia kulizuia. Pikapu ikimaliza urefu wote, una grafu ya msuguano kutoka ncha hadi ncha.

Msuguano, ile kitu tulifundishwa fizikia tukadhani ni ya mtihani tu.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ambalo lina ofisi ya kanda hapa hapa Gigiri, limetoa viwango. Ukitumia kifaa kinachoitwa GripTester kwa kasi ya kilomita 65 kwa saa, lami mpya inatakiwa ifike 0.74. Ikishuka hadi 0.53, anza kupanga matengenezo. Ikienda chini ya 0.43, lazima marubani watangaziwe kwamba barabara hiyo inateleza ikilowa. Maana ya 0.43 ni rahisi: ukiigandamiza lami kwa kilo 100, inakuzuia kwa kilo 43. Dawa yake pia inajulikana: unaondoa mpira kwa maji ya presha kubwa ama kwa kemikali. Mamlaka ya anga ya Marekani inashauri barabara yenye ndege za jeti 31 hadi 90 zinazotua kila siku upande mmoja ipimwe kila miezi 3. Zikipita 210, kila wiki.

Kuna mtu atasema: "Wewe si injinia, waachie wenyewe." Ama atasema rubani hatumii hizo namba, kwa hivyo za nini kwangu. Hiyo ya pili ina ukweli, na wacha niieleze vizuri, kwa sababu hapo ndio penyewe.

Tangu Novemba 2021, ulimwengu mzima unatakiwa kutumia mfumo mmoja wa kumwambia rubani hali ya barabara, kutoka 6 hadi 0. Kavu ni 6. Imelowa kawaida ni 5. Maji yametuama zaidi ya milimita 3 ni 2. Na 0 ni kama hakuna breki kabisa. Mkaguzi anaangalia, anaripoti, na rubani anapiga hesabu ya umbali atakaohitaji. Haoni 0.43 wala 0.53.

Lakini kuna 3. Hiyo ni ya barabara iliyolowa ambayo tayari inajulikana kuteleza. Sasa niambie, mkaguzi aliyesimama kwenye mvua na tochi atajuaje hii ni 5 ama ni 3? Maji ni yale yale, kwa macho zinafanana. Atajua tu kama kile kigari kilipita, namba ikashuka, na mtu akakubali kuiandika. Kama hakikupita, ama kilipita na grafu ikafungiwa kwa droo, rubani ataambiwa 5. Atapiga hesabu ya 5, kumbe anatua kwenye 3. Hapo hata rubani mzuri namna gani amedanganywa kabla hajashusha magurudumu.

Tuone mahali lami ilikuja kuwa swali baada ya watu kufa. Congonhas, São Paulo, Brazil, 2007. Barabara fupi, mita 1,940, katikati ya jiji. Ilikuwa inalalamikiwa kwamba inateleza mvua ikinyesha, ikawekwa lami mpya, ikafunguliwa mwisho wa Juni kabla mifereji haijakatwa. Tarehe 16 Julai ndege ndogo ikateleza ikatoka nje ya lami. Siku iliyofuata, 17 Julai, mvua, Airbus A320 ya TAM ikashindwa kusimama, ikavuka barabara ya magari na kugonga jengo. Watu 199 walikufa, 12 kati yao wakiwa chini, hawakuwa hata wamepanda ndege.

Sitaki kukudanganya: uchunguzi ulionyesha kwamba mkono wa nguvu wa injini moja ulibaki mbele, na hilo peke yake ni kosa kubwa sana. Si lami tu. Lakini ajali za ndege karibu zote ziko hivyo, vitu viwili vitatu vinakutana. Binadamu atakosea siku moja, hiyo tunajua. Kazi ya lami nzuri ni kumpa nafasi ya kukosea na bado arudi nyumbani.

Kwa hivyo sisemi lami ya JKIA ni mbaya. Sina msingi wa kusema hivyo na sitaki mtu aogope kupanda ndege kwa sababu yangu. Ninachosema ni kwamba mimi na wewe tusingekuwa tunakisia. Uwanja ni mali ya umma. Kila tiketi ina ada ya uwanja ndani yake, unailipa ukitaka usitake. Grafu ya msuguano si siri ya kijeshi. Ni karatasi inayoonyesha kama mwenye nyumba anatunza nyumba.

Ninataka vitu vitatu. Tarehe ya kila kipimo cha msuguano kwa JKIA, Mombasa, Kisumu na Eldoret iwekwe wazi. Namba zenyewe ziwekwe, kila theluthi ya barabara na yake, kwa sababu wastani unaficha ile ncha nyeusi. Na tuambiwe mpira uliondolewa lini mara ya mwisho.

Na hatuhitaji kungoja mtu mkubwa aamke vizuri. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Wakikataa ama wakinyamaza, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua ni ukurasa mmoja. Yangu iko na hayo maswali matatu tu, na naipeleka kabla mvua haijaanza. Siku ya 22 nitawaambia nimejibiwa nini, hata kama ni kimya.

Wewe andika yako kuhusu uwanja wa kwenu. Paa walilisikia kwa sababu tulikuwa wengi.